Mtoto mwenye mrija wa kupumulia shingoni: maswali tunayoulizwa kila siku

Ukurasa huu nimewaandikia wazazi, majaja (bibi na babu), shangazi na dada wakubwa wanaomlea mtoto mwenye trakeostomia hapa Uganda, ambao Kiswahili ndicho wanachokielewa vizuri zaidi. Mimi ni muuguzi. Mara nyingi mno nimeona maelezo ya kurudi nyumbani yakitolewa kwa Kiingereza au Kiluganda, na mama aliyetoka Arua, au mkimbizi wa Kongo anayeishi Nakivale, akiitikia kwa kichwa kwa adabu huku hajashika hata nusu. Jambo hili halitaki adabu ya namna hiyo. Uliza mpaka uelewe, kisha ufanye kwa mikono yako nesi akiwa pembeni. Maandishi haya hayachukui nafasi ya mafunzo ya wodini. Yatakusaidia kujua ni mambo gani udai kufundishwa kabla hujatoka.

Trakeostomia ni nini hasa, na kwa nini mtoto wangu amewekewa?

Ni tundu ambalo daktari amelitoboa mbele ya shingo, chini ya zoloto (kisanduku cha sauti), mpaka kwenye koo la hewa, kisha akapitisha hapo mrija mdogo uliopinda. Tangu siku hiyo mtoto anavuta pumzi kupitia shingoni. Operesheni yenyewe si ya jana: mwaka 1825 daktari Mfaransa Pierre Bretonneau aliitumia kumwokoa mtoto mdogo wa kike aliyekuwa akikabwa na dondakoo.

Sababu hutofautiana. Wapo watoto wenye vinundu vya virusi kwenye zoloto, ambavyo nitavieleza mbele. Wapo waliokaa muda mrefu na mrija wa mashine ya kupumulia mdomoni, kovu likaota ndani na kubana koo la hewa. Wapo waliozaliwa na njia nyembamba au nyuzi za sauti zilizopooza, na wapo waliokunywa kemikali kali iliyowekwa kwenye chupa ya soda wakidhani ni kinywaji.

Kuna jambo moja kuhusu mtoto wako ambalo lazima ulijue kabla ya kuondoka hospitalini. Muulize daktari kwa maneno haya: “Huku juu, mdomoni na puani, hewa bado inapita au pameziba kabisa?” Jibu liandikwe kwenye kadi ya mtoto kwa herufi kubwa. Siku mrija ukikataa kurudi, jibu hilo ndilo litakaloamua wapi uweke mdomo wako kumpulizia pumzi.

Kwa nini mnanilazimisha nibadilishe mrija mwenyewe kabla ya kuruhusiwa?

Kwa sababu ya dakika. Mrija wa mtoto mchanga una upana wa ndani wa milimita 3 au 3.5 tu. Kipande cha kohozi kilichokauka, kidogo kama punje ya mchele, kinatosha kuuziba. Ukiziba kabisa, ubongo huanza kuumia ndani ya dakika chache, na boda boda haikufikishi hospitali ya Mulago ndani ya dakika hizo, hata ukiwa unaishi hapo jirani Wandegeya. Tena juu ya boda huwezi kufanya lolote kwa mtoto.

Ndiyo maana tunasema, na tutasema mpaka utuchoke: fungua njia ya hewa kwanza, hapohapo ulipo, ndipo ukimbilie hospitali. Anayekimbia kwanza hufika na mtoto asiyepumua.

Nakumbuka mama mmoja ambaye mikono ilimtetemeka mara ya kwanza hata kamba ikamponyoka. Mtoto wake alikuwa na miezi 8. Alilia, akasema hiyo ni kazi ya madaktari. Siku ya tatu aliomba tena mwenyewe. Alimkunjia mtoto khanga chini ya mabega, akavuta mrija wa zamani, akaingiza mpya kwa kufuata mpindo wake, akautoa ule mti wa kuongozea unaokaa ndani ya mrija wakati wa kuuingiza, akainamisha sikio kusikiliza hewa. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kumvalisha mtoto shati. Miezi miwili baadaye mrija uliziba nyumbani usiku. Alipokuja kliniki alinihadithia habari hiyo kama mtu anayesimulia alivyobadilisha nepi.

Mrija wa kwanza kabisa baada ya operesheni hubadilishwa na madaktari, mara nyingi siku ya 5 hadi ya 7, kwa kuwa tundu bado halijakomaa. Kabla ya hapo mtoto huwa na nyuzi mbili zilizobandikwa kifuani kwa plasta. Ziache kama zilivyo. Mrija ukitoka siku hizo, daktari huzivuta nyuzi hizo ili kulifungua tundu. Baada ya mabadiliko ya kwanza, ni zamu yako kujifunza, wewe na mtu wa pili. Mlezi mmoja hatoshi, kwa sababu hata wewe utaugua, utasafiri, utalala.

Nitajuaje kwamba mrija umeanza kuziba?

Mwanzoni utasikia: kupumua kunakoroma, au kunatoa mluzi mwembamba. Kisha utaona: ngozi inaingia ndani katikati ya mbavu na juu ya mfupa wa kifua, pua zinatanuka, mtoto anatoka jasho, anakataa ziwa, hatulii. Ukiona midomo imebadilika rangi, umechelewa kidogo. Kwa watoto wetu weusi angalia ulimi, fizi na upande wa ndani wa mdomo, maana rangi ya bluu huonekana huko kabla ya kwenye uso.

Mtoto mwenye mrija akianza kuhangaika ghafla, dhani kosa ni la mrija mpaka uhakikishe vinginevyo. Usianze kutafuta homa wala gesi ya tumbo. Na aliyekuwa akihangaika akinyamaza ghafla huku hujafanya kitu, usishukuru. Huenda amechoka kupigana.

Mrija umeziba na mtoto hapumui vizuri. Nifanye nini, kwa mpangilio gani?

Piga kelele, ita mtu. Mlaze mtoto chali, weka nguo iliyokunjwa chini ya mabega ili shingo inyooke na tundu lionekane. Ondoa chochote kilichofunika mrija: kitambaa, chujio la unyevu, valvu ya kuongelea. Kama ni mrija wenye mrija mwingine ndani yake, vuta ule wa ndani.

Fyonza, yaani vuta makohozi kwa mpira mwembamba wa kufyonzea unaopitishwa ndani ya mrija. Mpira ukipita na makohozi yakatoka, tazama kifua. Kikianza kupanda na kushuka vizuri, umemaliza, endelea kumwangalia. Ila mpira ukigota njiani, au ukipita lakini mtoto bado anakabwa, acha kufyonza. Usiongeze nguvu, usijaribu mara ya tatu na ya nne. Badilisha mrija sasa hivi.

Kata kamba, vuta mrija, ingiza mpya wa saizi ileile. Ukikataa, chukua mdogo kwa nusu saizi, yaani kama anatumia 4.0 chukua 3.5. Huo nao ukikataa, pitisha mpira wa kufyonzea ndani ya ule mrija mdogo, ingiza ncha ya mpira kwenye tundu la shingo, halafu telezesha mrija juu ya mpira mpaka uingie. Mpira unakuwa kama reli. Kisha vuta mpira utoke. Usisukume mrija kwa nguvu. Ukisukumwa vibaya unaweza kuingia kwenye nyama ya mbele ya koo badala ya koo la hewa, na hapo utaona shingo inavimba huku hewa haipiti. Ukiona hivyo, utoe.

Mrija ukishaingia, ushikilie kwa vidole. Weka shavu lako juu yake: unahisi hewa? Kifua kinapanda? Kama hapumui, mpe pumzi 5 kupitia mrija, kwa mfuko wa kupumulishia (ule unaobanwa kwa mkono) au kwa mdomo wako. Mtoto mdogo hahitaji pumzi yako yote, mpulizie kiasi cha kifua kuinuka tu. Kama bado hana dalili ya uhai, bonyeza katikati ya kifua mara 15, pumzi 2, mara 15, pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikizama theluthi moja ya kina chake. Usiache mpaka apumue au upate msaada. Akishaamka, mpeleke hospitali hata kama anacheka.

Na kama hakuna mrija wowote unaoingia?

Hapa ndipo ile kadi inapofanya kazi. Kama daktari aliandika kwamba njia ya juu iko wazi, ziba tundu la shingo kwa kidole juu ya kitambaa safi, kisha mpulizie kupitia mdomo na pua kama mtoto yeyote. Kama njia ya juu imeziba, kumpulizia mdomoni hakutafika popote. Weka midomo yako juu ya tundu la shingo na umpulizie hapo.

Mrija umechomoka wote, lakini mtoto anaonekana sawa. Nisubiri kliniki?

Hapana. Tundu huanza kujifunga, kwa watoto wengine ndani ya muda mfupi sana. Rudisha mrija mara moja. Ule uliochomoka na kuanguka chini usiurudishe kama una mwingine safi, lakini kama huna na mtoto anakabwa, suuza haraka kwa maji safi uurudishe. Tutatibu maambukizi baadaye.

Sababu kubwa ya mrija kuchomoka ni kamba zilizolegea. Kamba ikishafungwa, kidole chako kimoja tu kiweze kupita kati yake na shingo, mtoto akiwa ameketi, kichwa kimeinama mbele kidogo. Ukimfunga akiwa amelala na shingo imenyooshwa, akiketi kamba italegea. Kubadilisha kamba ni kazi ya watu wawili, mmoja anashika mrija wakati wote.

Kufyonza: mara ngapi, na mpira uingie kiasi gani?

Fyonza inapohitajika. Unaposikia makohozi yanachemka, baada ya kuamka, kabla ya kula, kabla ya kulala. Hakuna haja ya kufuata saa kama dozi, ingawa mtoto aliyekaa kimya saa nyingi anastahili kuangaliwa.

Saizi ya mpira ni rahisi kukumbuka: zidisha saizi ya mrija mara mbili. Mrija wa 3.0, mpira namba 6. Mrija wa 4.0, mpira namba 8. Mrija wa 5.0, namba 10. Mnene zaidi ya huo utaziba njia yote ya hewa wakati unafyonza.

Kina ndicho ninachogombana nacho kila wiki. Watu husukuma mpira mpaka mtoto akohoe kwa uchungu, wakidhani ndiyo kufikia makohozi. Ukigusa ukuta wa koo la hewa kila siku, unaukwangua, unatoka damu, unaota nyama. Chukua mrija wa zamani wa saizi ileile, pitisha mpira ndani yake mpaka ncha ichungulie upande wa pili kwa nusu sentimita, isizidi, kisha pima urefu. Huo ndio urefu wako. Baba mmoja wa Kasese aliuchora kwa kalamu ya wino kwenye fremu ya mlango, mistari miwili, na kila anayemfyonza mtoto, hata binamu aliyekuja likizo, hupima mpira wake hapo kwanza. Sijaona njia bora zaidi ya hiyo. Saizi ya mrija ikibadilika, pima upya.

Ingiza mpira bila kufyonza, fyonza ukiwa unautoa, na yote yaishe ndani ya sekunde 10. Nguvu ya mashine kwa mtoto iwe kati ya 80 na 120 (mmHg) kwenye saa ya kipimo chake, na kwa kichanga iwe chini zaidi. Osha mikono kabla na baada. Kumwagia maji ya chumvi ndani ya mrija kabla ya kila kufyonza si lazima, na hatupendi yawe mazoea. Fanya hivyo kama timu yako imekufundisha lini na matone mangapi.

Umeme ukikatika?

Utakatika, kwa hiyo jipange kana kwamba ni leo. Mashine yenye betri ichajiwe kila jioni, siyo inapoisha. Kama una uwezo wa kupata pampu ya mguu, chukua hiyo kabla ya kufikiria mashine ya bei kubwa. Pampu ya mguu haiulizi umeme. Ukikosa vyote, bomba la sindano kubwa, la mililita 50, likiunganishwa na mpira wa kufyonzea, huvuta makohozi kiasi cha kumfikisha mtu asubuhi. Fanya jaribio la kuliunganisha mchana, siyo gizani. Usifyonze kwa mdomo wako.

Na kumbuka: hata kama vifaa vyote vimekufa, mrija mpya ni njia iliyo wazi. Mwenye mrija wa akiba na mikono iliyofundishwa hajakwama.

Kwa nini makohozi yake ni mazito na makavu?

Kwa sababu pua imerukwa. Kazi ya pua ni kupasha hewa joto, kuipa unyevu na kuchuja vumbi, na sasa hewa ya nje inaingia moja kwa moja ilivyo. Makohozi hukauka yakashika ukuta wa mrija kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Nimewahi kupasua mrija uliotolewa kwa mtoto wa kijijini wakati wa kiangazi: nafasi iliyobaki katikati ilikuwa sawa na tundu la sindano ya kushonea magunia. Mtoto alikuwa akipumua kwa tundu hilo, na mama yake alikuwa amearifiwa katika kituo fulani kwamba ni mafua.

Kinga yake ni unyevu. Vipo vichujio vidogo vya unyevu vinavyokaa mdomoni mwa mrija, na hubadilishwa kila siku au vikichafuka. Ukivikosa, funga kitambaa chepesi cha pamba kilichoshonwa kama bibu, kilichoshikizwa kwa juu, kilicholoweshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha kukamuliwa. Kiloweshe upya mara kwa mara. Kisizibe, kining’inie tu. Anayeishi pakavu kama Karamoja atahitaji kukilowesha mara nyingi kuliko wa kando ya Ziwa Viktoria. Mpe mtoto maji ya kunywa ya kutosha, na kama una mashine ya mvuke wa dawa, mvuke wa maji ya chumvi ya hospitali husaidia sana. Kumwinamisha juu ya beseni la maji yanayochemka usifanye kamwe. Tumepokea watoto walioungua.

Kuna damu. Nishtuke?

Alama chache za waridi kwenye makohozi mara nyingi zinamaanisha umefyonza kwa kina mno, au mrija ni mkavu. Pima urefu wako upya, ongeza unyevu, uje kliniki ikiendelea.

Damu nyekundu mbichi, yenye kumiminika, ni jambo jingine. Karibu na koo la hewa hupita mshipa mkubwa wa damu, na mrija unaousugua kwa muda mrefu unaweza kuula. Mara nyingine mshipa huo hutoa onyo: damu kiasi kidogo mbichi, kisha inakoma yenyewe, na siku chache baadaye ndiyo inakuja ile ya kutisha. Kwa hiyo hata kama imekoma, njoo siku hiyohiyo, na ulazimishe uonwe.

Ameota nyama nyekundu kwenye tundu, na kunanuka. Jaja yake anataka kupaka dawa ya miti.

Mwambie jaja, kwa heshima zake zote, kwamba tundu hilo ni pua ya mtoto. Kinachopakwa hapo kinavutwa mpaka kwenye mapafu: majani yaliyopondwa, majivu, mafuta, poda, vyote. Safisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa au maji ya chumvi ya hospitali, kausha vizuri, hasa kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto mnene, kila siku.

Nyama hiyo hutokea mwili unapoguswa na kitu kigeni kila saa. Ya nje daktari huichoma kwa dawa au kuikata. Ya ndani, juu ya mrija au kwenye ncha yake, haionekani mpaka apimwe kwa kamera, na ndiyo huleta damu au mrija kugoma unapobadilishwa. Usiikwangue mwenyewe. Makohozi yakigeuka kijani au kunuka, yakiongezeka, na mtoto akawa na homa, mlete. Antibayotiki usizinunue dukani kwa kukisia.

Mrija wa chuma au wa plastiki?

Wa chuma una mrija wa ndani, unatolewa na kuoshwa, na hudumu. Wa plastiki ni laini zaidi kwa mtoto, lakini ile midogo haina mrija wa ndani, hivyo ukiziba lazima ubadilishwe wote. Wa plastiki hubadilishwa kati ya kila wiki na kila mwezi, kutegemea mtoto na aina yake. Tumia ule uliopewa na timu yako. Mtoto naye hukua, kwa hiyo mrija uliomtosha akiwa na miezi 6 si wa kumfikisha miaka 3.

Tukimpeleka kituo cha afya cha karibu, watajua la kufanya?

Wengine ndiyo. Wengine hawajawahi kuona mrija huu. Nilimkuta siku moja, katika kituo ambacho sitakitaja, mtoto aliyewekewa oksijeni vizuri kabisa usoni, huku shingo imefunikwa na blanketi. Nesi hakuwa mzembe. Hakufundishwa tu. Njia ya juu ya mtoto yule ilikuwa imeziba, na oksijeni yote ilikuwa inaishia kwenye mashavu.

Kwa hiyo mtoto avae kadi, na wewe useme kwa sauti tangu mlangoni: “Mtoto huyu anapumulia shingoni. Oksijeni wekeni shingoni.” Kama njia ya juu iko wazi au haijulikani, iwekwe kote kuwili, shingoni na usoni. Kadi iwe na saizi ya mrija, tarehe ulipobadilishwa, urefu wa kufyonza, hali ya njia ya juu, na simu ya wodi iliyomfanyia operesheni. Usione haya kumfundisha mhudumu. Mlezi aliyefundishwa anaijua shingo ya mtoto wake kuliko daktari aliyeiona leo.

Kwenye mfuko wa dharura niweke nini?

Mrija wa saizi yake na mwingine mdogo kwa nusu saizi, kamba, mkasi usio na ncha kali, mipira ya kufyonzea, pampu au bomba la sindano, maji ya chumvi, jeli ya kulainisha ya maji (siyo vaselini), glavu, vitambaa safi, tochi, mfuko wa kupumulishia kama upo. Mfuko unakwenda anakokwenda mtoto: sokoni, kanisani, msikitini, chooni. Watu wakicheka, waache wacheke.

Kuoga, vumbi, boda boda, ziwa?

Aoge kwenye beseni, maji ya chini ya kiuno, mkono wako mmoja ukiwa juu ya tundu. Kuogelea hakuna, wala kucheza peke yake kando ya ziwa, mto au pipa la maji. Kwenye barabara ya vumbi, kitambaa cha pamba shingoni. Mweke mbali na moshi wa sigiri, sigara, koili ya mbu, dawa ya kupulizia na poda. Blanketi zenye manyoya na nguo zenye kola ndefu pia hapana.

Anaweza kula, kuongea, kwenda shule?

Kula, wengi wao ndiyo, maana chakula kina njia yake. Anza na alichozoea, uji, matoke yaliyopondwa, akiwa ameketi. Ukiona maziwa au uji ukitoka kwenye mrija, acha kumlisha, mfyonze, uje tuangalie namna anavyomeza. Karanga na njugu kwa mtoto mdogo usimpe hata kidogo.

Sauti hupotea au hufifia kwa kuwa hewa haifiki kwenye nyuzi za sauti. Mtoto atalia na hutasikia chochote, uso tu na machozi. Inauma kuona. Wengine hupewa valvu ya kuongelea, lakini ni lazima daktari aidhinishe kwanza, na haiwekwi kabisa kwenye mrija wenye puto (kifuko kinachouzunguka ndani ya koo la hewa) lililojazwa. Hata kabla ya sauti, zungumza naye, mwonyeshe ishara, mwimbie. Lugha inaingia kwa masikio, na masikio yake ni mazima.

Shule, mwalimu mmoja na msaidizi wake wafundishwe kufyonza na kurudisha mrija kabla ya siku ya kwanza.

Daktari amesema ana papiloma. Mbona wanamwita operesheni kila mara?

Vinundu hivyo huletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, na mtoto mara nyingi huvipata wakati wa kuzaliwa. Si kosa la mama, na si jambo la kulaumiana ndani ya nyumba. Daktari huviondoa, navyo huota tena, hivyo operesheni hurudiwa, wakati mwingine mara nyingi kabla ya kutulia. Kwa ugonjwa huu madaktari hujitahidi kuepuka trakeostomia kwa kuwa vinundu vinaweza kuenea kushuka chini. Huwekwa pale mtoto anapoletwa akiwa hana tena pa kupumulia. Ndiyo maana naomba: mtoto ambaye sauti yake inakwaruza wiki baada ya wiki, na kila akipewa dawa ya pumu hapati nafuu, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wapo Mulago, wapo Mbarara. Tangu 2015 wasichana wa miaka 10 hupewa chanjo ya HPV nchini kote. Binti zenu wasiikose.

Mrija utatoka lini?

Pale ile sababu iliyouleta itakapoondoka, na daktari akathibitisha kwa kamera. Kwa kawaida mrija hupunguzwa saizi, kisha huzibwa kwa majaribio, kisha hutolewa, mtoto akiwa wodini chini ya uangalizi. Usimzibe nyumbani kujaribu. Tundu kwa kawaida hujifunga lenyewe. Likikaa wazi miezi, lipo la kufanya, hushonwa.

Usiku nani alale naye, na tutajuaje akipata shida kama halii kwa sauti?

Alale umbali wa mkono wako, siyo chumba kingine, siyo na watoto wenzake peke yao. Waliofundishwa wapokezane zamu, maana mtu asiyelala siku 10 hasikii kitu. Jaja mmoja wa Bombo alimfunga mjukuu wake njuga kifundoni, zilizoshonwa imara kwenye kitambaa ili asiweze kuzing’oa na kuzitia mdomoni. Mtoto akitupa miguu, njuga zinalia. Mfuko ulikuwa kwenye msumari juu ya kitanda, tochi imefungwa kwenye mkanda wake. Aliniambia mara tatu ameamshwa na njuga hizo kabla ya kuwasha tochi, na mara zote tatu mpira ulipita.